Jinsi ya kupanga projekti ya video ya harusi kwa nesti, hatua kwa hatua

Vijana mnaoanza kuediti huku kusini, wa Masasi, wa Nachingwea, wa hapa hapa Mtwara mjini, mnaniuliza maswali mengi lakini ukiyaweka pamoja ni swali moja: "Kaka, taimilaini imekuwa ndefu mpaka sielewi nini kiko wapi, nikikata klipu moja huku mwanzoni mziki wote wa mbele unahama, nifanyeje?" Nimeona niandike mara moja kwa mpangilio, mtu akiuliza nampa hii asome huku kompyuta iko mbele yake.

Jibu ni nesti, yaani sikwensi ndani ya sikwensi. Sikwensi ni taimilaini moja, yaani ule mstari wa klipu zilizopangwa kufuatana. Badala ya kuediti harusi nzima kwenye taimilaini moja ya masaa mawili, unaigawa vipande, kila kipande kina taimilaini yake, afu unavikusanya vyote kwenye taimilaini moja kubwa ambayo mi naiita masta. Kwenye masta kila kipande kinaonekana kama klipu moja tu, kama bahasha iliyofungwa, ukitaka kuona kilichomo unabofya mara mbili inafunguka. Nadharia imeishia hapo, mengine yote ni kazi ya mikono.

Natumia programu ya Premiere Pro kwa sababu ndo wengi wenu mnayo, wa DaVinci Resolve nimewawekea maelezo kidogo kule chini. Na mfano ni harusi ya kawaida kabisa ya huku kwetu: nikahi inafungwa Lindi asubuhi kwao bibi harusi, msafara unakuja Mtwara kwa kupitia Mnazi Mmoja, jioni watu wako ukumbini mpaka usiku mkubwa. Kamera mbili, droni moja, na kuna mtu wa familia lazima atakuletea klipu za simu yake anataka ziingie.

VITU VYA KUWA NAVYO KABLA HUJAGUSA CHOCHOTE

- Kompyuta yenye RAM ya GB 16, hapo unafanya kazi kwa raha. GB 8 inawezekana lakini proksi, yaani kopi nyepesi za klipu za kueditia, itakuwa lazima, nitaeleza.
- Diski (hard disk) mbili, sio moja. Piga hesabu: kamera inayorekodi kwa megabiti 50 kwa sekunde inakula kama MB 375 kwa dakika, yaani GB 22 na nusu kwa saa. Kamera mbili kwa masaa matatu tayari ni GB 135, hapo hujaweka droni wala mziki. Hiyo ikae sehemu mbili tofauti.
- Diski iwe imefomatiwa exFAT au NTFS. FAT32 haipokei faili moja linalozidi GB 4, ndo mana wengine mnakopi inagoma katikati mnadhani diski imekufa.
- Ratiba ya sherehe. Muombe MC au mtu wa kamati, ipige picha kwa simu. Hii ndo ramani yako ya sikwensi, bila hiyo unakisia tu nani alikuwa baba mdogo na nani alikuwa mjomba, na kwenye harusi ukikosea jina la mjomba utalisikia.
- Hedifoni. Spika ya laptopu haikuonyeshi mvumo wa jenereta.
- Kama unatumia kompyuta ya mezani, tafuta UPS, ile betri ya akiba, hata ndogo ya kukupa dakika chache za kusevu na kuzima vizuri.

HATUA ZENYEWE

1. Kopi kadi nzima, sio video peke yake.
Ukifungua memori kadi ya Sony utakuta folda ya PRIVATE, ndani yake M4ROOT, ndani yake CLIP. Ya Canon ina DCIM. Usiingie mle ndani kuchomoa video tu, chukua kadi yote kama ilivyo uiweke kwenye folda yenye jina, mfano KAMERA_A_KADI_1. Kuna kamera inakata klipu ndefu vipande vipande, zile faili ndogo ndogo unazoziona hazina maana ndo zinasaidia programu kujua kipande gani kinafuata kipi. Kopi mara mbili, diski mbili. Fungua klipu ya mwanzo, ya katikati na ya mwisho uzione zinacheza. Ndo ufute kadi, kabla ya hapo kadi isiguswe hata kama kesho una kazi Newala, we azima kadi nyingine.

2. Tengeneza folda kwenye diski.
Folda kuu moja ya kazi hiyo, ndani yake: 01_VIDEO, 02_SAUTI, 03_MZIKI, 04_PICHA, 05_PROJEKTI, 06_EKSIPOTI. Ndani ya 01_VIDEO unagawa KAMERA_A, KAMERA_B, DRONI, SIMU. Tumia namba mbili mbili, 01 sio 1, la sivyo kwenye programu nyingine 10 itakaa juu ya 2. Na mziki ukiudownlodi usiuache kwenye Downloads, uhamishie kwenye 03_MZIKI kabla hujauimpoti.

3. Klipu za simu zisafishe kwanza.
Simu nyingi hazishikilii kasi moja ya fremu, inapanda inashuka kutokana na mwanga, ukiingiza hivyo hivyo kwenye taimilaini sauti na midomo vinaanza kupishana kadri klipu inavyoenda. Pitisha kwenye HandBrake, ni programu ya bure, upande wa video weka fremu 25 kwa sekunde na uchague kasi isiyobadilika, yaani "Constant Framerate". Dakika chache tu, inakuokoa masaa.

4. Impoti na upange bini.
Fungua projekti mpya, isevu ndani ya 05_PROJEKTI, afu tengeneza bini, yaani folda za ndani ya Premiere, zinazofanana na folda zako. Ongeza bini mbili zaidi: SIKWENSI na NESTI_NDOGO. Utaona faida ya kuzitenganisha mbele.

Mi huwa naongeza na bini ya USITUMIE. Kuna vitu kamera inanasa ambavyo havipaswi kutoka: mama wa watu anavaa chumbani, ugomvi wa jikoni. Na wale mnaopiga sherehe za kumtoa mwali mnajua zaidi, kazi yako ni ngoma za hadharani na mwali anavyotolewa, mafunzo ya unyagoni sio ya kamera, kama kuna klipu imechungulia huko iweke USITUMIE na ufute kabisa ukimaliza kazi. Familia ikikuamini kwa hilo wanakupa na harusi ya huyo huyo mtoto akikua.

5. Tengeneza proksi kama mashine yako ni ya kawaida.
Chagua klipu zote, rait kliki, "Proxy" afu "Create Proxies", chagua ndogo, acha kompyuta ifanye kazi we ukapumzike. Ukieksipoti Premiere inachukua faili halisi yenyewe, usiogope eti video itatoka mbovu.

6. Tengeneza sikwensi MOJA tu ya mfano.
Hapa ndo wengi mnaharibu. Mtu anaburuta klipu ya kwanza anayoiona kwenye taimilaini, Premiere inatengeneza sikwensi kwa vipimo vya ile klipu, ikiwa ni ya droni basi sikwensi yake ni 4K fremu 30, kipande kinachofuata kinakuwa cha kamera 1080 fremu 25, akija kuvikusanya kwenye masta kila kimoja kina ukubwa wake na mwendo wake.

Fanya hivi: fungua sikwensi mpya, upana 1920 urefu 1080, fremu 25. Kwa nini 25? Umeme wetu ni wa hezi 50, ukipiga fremu 25 na shata 1/50 taa za ukumbini hazipepesi kwenye picha. Kwa hiyo kama kamera zako ziliwekwa 25 au 50, sikwensi ni 25. Klipu za fremu 50 zitakupa na sloumosheni safi ya nusu mwendo.

Kisha panga traki (V ni mistari ya picha, A ni ya sauti) ukiwa bado hujaweka chochote: V1 kamera kuu, V2 kamera ya pili na vipande vya kupachika, V3 majina na maandishi. A1 sauti ya maiki au ya mikisa ya DJ, A2 sauti ya kamera, A3 mziki. Iite 00_MFANO.

7. Iduplikeiti kwa kila kipande cha ratiba.
Rait kliki kwenye 00_MFANO, "Duplicate", badilisha jina. Kwa harusi yetu zinakuwa:

01_MAANDALIZI
02_NIKAHI_LINDI
03_MSAFARA
04_KUINGIA_UKUMBINI
05_KEKI
06_ZAWADI
07_NGOMA
99_MASTA

Zote zina vipimo sawa na traki sawa kwa sababu zimezaliwa na mama mmoja. Ukifungua ZAWADI saa sita usiku macho yamechoka unajua sauti ya MC iko A1, hutafuti.

Swali linalokuja hapa kila siku: "nigawe vipande vingapi?" Gawa kwa kitu ambacho mteja anaweza kukitaja. Mteja hasemi "nipunguzie dakika ya 43", anasema "zile zawadi ni ndefu sana, na keki itangulie". Kama kina jina lake basi ni sikwensi. Usigawe mpaka kila wimbo ukawa na sikwensi, utapotea tena kwa njia nyingine.

8. Oanisha kamera za ukumbini.
Pale ukumbini kamera mbili zilikuwa zinarekodi tukio moja. Chagua klipu ya kamera A, ya kamera B na faili la sauti, rait kliki, "Create Multi-Camera Source Sequence", chagua ioanishe kwa sauti. Ikimaliza inakupa kitu kimoja, na hicho nacho ni nesti, kiweke ndani ya 04_KUINGIA_UKUMBINI. Bonyeza Shift na 0 uone kamera zote, cheza, afu 1 na 2 kwenye kibodi zinakubadilishia kamera huku inaenda. Kama kamera moja haikurekodi sauti kabisa kuoanisha kwa sauti haiwezekani, tafuta tukio linaloonekana kote, mtu anapiga kofi au kisu kinagusa keki, weka alama uoanishe kwa mkono.

9. Editi kila sikwensi mpaka iishe.
Anza na yoyote. Mi nashauri uanze na NIKAHI kwa sababu ni fupi na haina mchezo: shehe, walii, mashahidi, bwana harusi anakubali, dua. Sauti ya pale ni muhimu kuliko picha, ile sentensi ya kukubali isikatwe na isifunikwe na mziki hata kidogo. Picha ikiwa imezibwa na kichwa cha mtu, weka kamera ya pili juu au hata mkono wa babu unaohesabu tasbihi, sauti iendelee chini.

Mambo matatu ya kushika kwenye hatua hii:

Kwanza, acha mkia. Kila sikwensi iwe na kama sekunde moja na nusu ya ziada mwanzo na mwisho, picha inaendelea tu, hakuna la maana. Mkia huu utaukata ukiwa kwenye masta, lakini lazima uwepo. Kwa nini? Transisheni, yaani mpito wa picha moja kwenda nyingine, inahitaji fremu za ziada pande zote mbili ili ifanye kazi, na nesti haina kitu nyuma ya fremu yake ya kwanza. Ukiiweka masta kama ilivyo bila kukata mkia, transisheni inagoma au inarudia fremu moja ikaganda.

Pili, mziki wa kipande unakaa ndani ya kipande, mziki unaovuka kutoka kipande kimoja kwenda kingine unakaa masta. Mfano matarumbeta yanaanza kusikika mwisho wa NIKAHI watu wakitoka nje halafu yanaendelea mpaka MSAFARA uko barabarani unapita kwenye mikorosho. Hayo usiyakate ndani ya sikwensi mbili ukategemea yataungana, hayataungana, yaweke masta juu ya zote mbili. Hili likikaa sawa, ule ugonjwa wa "nikikata huku mziki unahama kule" unapona kwa sehemu kubwa.

Tatu, rangi. Kila sikwensi irekebishe ndani ili klipu zake zifanane: ukumbi una taa za zambarau, Lindi kulikuwa na jua la asubuhi, hizo haziwezi kuwa na dawa moja. Ule muonekano wa jumla wa filamu nzima, uwekee masta.

10. Jenga masta.
Fungua 99_MASTA. Juu kushoto kwenye taimilaini kuna kitufe kidogo chenye alama ya nesti, kikiwa kimewaka sikwensi inaingia kama kitu kimoja, kikiwa kimezimwa inamwaga klipu zote moja moja. Hakikisha kimewaka. Buruta 01 mpaka 07 kwa mpangilio, kata mikia, weka transisheni, weka mziki unaovuka, weka maandishi ya sehemu kama unataka. Masta nzuri ukiiangalia haina hata klipu hamsini, inasomeka yote bila kuzungusha gurudumu la mausi.

Mteja akisema keki itangulie zawadi au zawadi zitangulie keki, unashika kitu kimoja unakihamisha. Sekunde tano. Ulivyokuwa unafanya zamani ungechagua klipu mia tatu uombe Mungu usisahau moja.

ONYO KUBWA: ukikopi nesti ndani ya masta, ile kopi sio kitu kipya, ni mlango mwingine wa chumba kile kile. Ukibadilisha rangi ndani ya moja zote zinabadilika, ukifuta klipu ndani yake kote imefutika. Ukitaka mbili zinazojitegemea, rudi kwenye bini, "Duplicate", ipe jina jipya, afu hiyo mpya ndo uiweke.

11. Nesti ndogo, kwa sababu maalum tu.
Kuna wakati ndani ya kipande unahitaji kufunga klipu chache ziwe kitu kimoja. Sababu ya kawaida ni kutuliza mtikisiko: umeipunguza mwendo klipu ya bibi harusi anashuka kwenye gari, afu unataka Warp Stabilizer, Premiere inakwambia haziwezi kukaa pamoja kwenye klipu moja. Chagua klipu, rait kliki, "Nest", ipe jina la maana, afu weka Warp Stabilizer juu ya nesti. Inakubali. Hivyo hivyo kwa klipu ya 4K ya droni iliyoko kwenye sikwensi ya 1080, inalalamika vipimo havifanani, nesti inamaliza.

Jina linaloletwa lenyewe ni "Nested Sequence 01". Usilikubali. Ukiwa nazo kumi na tano zenye majina hayo, hakuna atakayejua ipi ni ipi, hata wewe baada ya wiki. Andika SLO_KUSHUKA_GARI, itupe kwenye bini ya NESTI_NDOGO. Na usizidishe ghorofa: masta, kipande, nesti ndogo, basi. Ukianza kuweka nesti ndani ya nesti ndani ya nesti kompyuta inachoka na kosa likitokea chini kabisa hulioni.

12. Kipande cha kusimama cha simu.
Duplikeiti KEKI au NGOMA, iite NGOMA_SIMU, punguza mpaka dakika moja. Fungua sikwensi mpya ya 1080 kwa 1920, iweke ndani kama nesti, ikuze ijaze skrini, afu isogeze kushoto kulia kulingana na mtu alipo. Ukweli ni kwamba ukikuza nesti ya 1080 mpaka ijae kwa kusimama ubora unapungua, kwa status inapita, lakini kama klipu zako ni 4K na unataka iwe kali, basi kwenye sikwensi ya kusimama weka klipu zenyewe sio nesti. Kile kitufe cha hatua ya 10 kizime, buruta, zinamwagika, rekebisha ukubwa moja moja.

13. Eksipoti.
Masta ikiwa mbele, Ctrl na M, H.264. Sasa hapa kuna faida ya nesti ambayo wengi hamuifikirii. Wateja wetu wengi wanataka waangalie kwenye TV kwa fleshi, na kuna TV zinazosoma fleshi ya FAT32 tu, ambayo nimeshasema haipokei faili linalozidi GB 4. Video ya megabiti 8 kwa sekunde ni kama GB 3.6 kwa saa, kwa hiyo harusi ya masaa mawili kama faili moja haiingii. Eksipoti kila sikwensi peke yake, unampa faili saba zenye majina, NIKAHI, MSAFARA, KEKI, bibi akitaka kuona nikahi tu anaona nikahi tu. Ila kumbuka ukieksipoti kipande chenyewe mkia unabaki na vitu vya masta havimo, kwa hiyo bora ueksipoti kutoka masta kwa kuweka alama ya mwanzo na mwisho, herufi I na O, kwa kila kipande.

MAMBO YAKIGOMA

Nimeongeza klipu ndani ya kipande lakini kwenye masta haionekani. Nesti kwenye masta hairefuki yenyewe. Nenda masta, shika ukingo wa nesti uuvute. Kama kuna kitu kimebana mbele yake, sogeza vilivyo mbele kwanza.

Nimepunguza kipande, sasa mwisho wa nesti kuna mistari ya mshazari na video inakuwa nyeusi. Kinyume cha hilo la juu. Nesti imebaki na urefu wa zamani, kata sehemu ya mistari, funga pengo.

Sauti ya kipande kizima imepotea kwenye masta. Fungua nesti, angalia herufi M pembeni ya traki. Ulizima sauti ili usikilize kitu kingine ukasahau kuwasha, na kilichozimwa ndani kinazimika na nje. Picha ikipotea angalia ikoni ya jicho, ni hivyo hivyo.

Inacheza kwa kukwama kwama. Washa proksi, kitufe chake kiko chini ya dirisha la kuangalizia, kama hakipo kiongeze kwa alama ya +, punguza na ubora wa kuangalia uwe nusu au robo. Bado? Bonyeza Enter irende, yaani itengeneze picha kabla ya kuicheza, ule mstari mwekundu juu ya taimilaini ukiwa kijani inacheza vizuri. Warp Stabilizer nyingi kwenye kipande kimoja ndo mara nyingi zinaua mashine.

Klipu zote zimekuwa nyekundu zinasema media haipo. Umehamisha folda, au diski umeichomeka sehemu nyingine Windows ikaipa herufi nyingine. Rait kliki, "Link Media", ionyeshe Premiere faili moja lilipo, mengine ya folda hiyo hiyo mara nyingi inayapata yenyewe. Usianze kuimpoti upya, utapata kila klipu mara mbili.

Nilikuwa nasafisha bini nikafuta sikwensi, sasa kwenye masta kuna pengo. Ctrl na Z haraka. Kama umeshafunga, nenda folda ya "Auto-Save" iliyo karibu na faili la projekti, fungua ya kabla ya kufuta. Na kama hujawahi kuangalia mipangilio ya Auto-Save, ifungue leo, weka kila dakika 5, umeme ukikatika unapoteza dakika tano tu.

Droni inaruka ruka ikiwa ndani ya sikwensi. Ilirekodi fremu 30 kwenye sikwensi ya 25, programu inaruka fremu. Kama haina sauti ya maana, na droni kawaida haina, rait kliki kwenye bini, "Modify", "Interpret Footage", iambie ichezwe 25. Itakuwa ya polepole kidogo lakini laini, na kwa bahari ya Mikindani kutoka juu inapendeza zaidi.

Nataka kuifungua nesti irudi kuwa klipu kwenye masta. Bofya mara mbili iingie, Ctrl na A, kopi, rudi masta, weka pleihedi, ule mstari unaoonyesha ulipo, pale nesti inapoanzia, angalia traki uliyolenga iko wazi, pesti. Kama uliweka rangi au efekti juu ya nesti yenyewe hizo hazirudi na klipu, zikopi upande.

Natumia Resolve. Mpangilio ni ule ule. Taimilaini unaweza kuiburuta ndani ya taimilaini nyingine, na ile nesti ndogo kule inaitwa "Compound Clip", unachagua klipu, rait kliki, "New Compound Clip". Kuifungua irudi klipu kuna "Decompose in Place", huko wametuzidi. Jambo moja tu la haraka: kasi ya fremu ya projekti iweke 25 KABLA hujaimpoti chochote, ukishaingiza klipu ile sehemu inajifunga.

Mteja amerudi baada ya miezi anataka aongezewe klipu. Kama hujafuta kitu, fungua kipande husika tu, ongeza, rekebisha ukingo kwenye masta, eksipoti kile kipande peke yake umpe. Kwa hiyo folda nzima pamoja na projekti ikae kwenye diski ya pili mpaka familia ithibitishe wamepokea na wameridhika, proksi ndo unaweza kuzifuta mapema kupata nafasi, hizo zinatengenezeka tena.